Mteja ameuliza kama kuna mtaro

Shikamoo Mama Lishe,

Naandika nikiwa nimejifungia kibandani, na huko kujifungia ndiko kwenye shida yenyewe.

Mimi ni mwanaume wa miaka 44, wakala wa huduma za pesa hapa Tanga mjini. Kibanda changu ni cha bati, nikinyoosha mikono nagusa huku na huku. Kina mlango mmoja wa chuma ninaoufunga kwa ndani kwa sababu ya usalama, na kidirisha chenye nondo ambacho mteja anakiinamia akitaka kutoa au kuweka pesa. Feni ninayo, ila inapuliza kuelekea dirishani. Hilo la feni liweke akilini.

Miezi miwili iliyopita nilikuwa nachoka bila sababu, na usiku naamka kukojoa mara nne, mara tano. Mke wangu akanisukuma mpaka kituo cha afya. Kupimwa, sukari iko juu. Daktari akanianzishia metformini, kidonge asubuhi na kidonge jioni, akasema nipunguze wali, niache soda na chai ya sukari, na nizidishe vyakula vya jamii ya kunde: maharage, mbaazi, choroko, kunde zenyewe. Nikaitikia, lakini moyoni nilinung'unika. Mimi nimesoma bweni, Mama. Miaka minne ya ugali na maharage yenye fukusi wanaoelea juu ya mchuzi. Siku niliyomaliza kidato cha nne niliapa kwamba mimi na maharage basi, na kiapo nimekitunza zaidi ya miaka ishirini. Kwangu ni wali, samaki na mchuzi wa nazi, sikukuu, pilau.

Mke wangu alipozisikia habari za maharage hakungoja kesho. Mchana maharage, usiku maharage, asubuhi kiporo cha mbaazi za nazi badala ya andazi. Na ni bakuli zima. Anapika kwa magadi ili yaive upesi, maana mkaa umekuwa ghali. Kuloweka haloweki, anasema magadi yanatosha. Mimi nafunga kibanda saa tatu usiku, nafika nyumbani, nakula, nalala.

Siku ya tatu tumbo likaanza. Linaunguruma mpaka mteja anadhani nimemjibu. Kisha linajaa, linakaza kama ngoma, na kisha... unajua. Wala si mara moja au mbili. Wiki iliyopita alikuja dada mmoja kutoa elfu hamsini. Nahesabu noti, nikiinua macho naona ameziba pua kwa mtandio. Akauliza, "Kaka, hapa kuna mtaro?" Nikamwambia, "Ndiyo dada, uko huku nyuma, umeziba." Mama aliyekuwa nyuma yake akadakia kwamba atamfikishia mwenyekiti wa mtaa waje wauzibue. Tangu siku hiyo kila nikimwona mwenyekiti anapita, naweka kibao cha FLOTI IMEISHA.

La pili linaniuma zaidi. Udhu haukai. Natawadha kwa ajili ya Magharibi, kabla safu haijanyooka umeshatenguka, narudi bombani. Isha vivyo hivyo. Nilikuwa mtu wa safu ya mbele, sasa nasimama ya mwisho karibu na mlango, na siku nyingine nasali nyumbani nikisingizia kazi.

Nimejaribu mambo. Jirani alisema maziwa yanapoza tumbo, basi kila usiku kabla ya kulala nakunywa glasi kubwa. Hamu ya soda naituliza kwa jojo zile zisizo na sukari, pakiti moja au mbili kwa siku. Muuza dawa za asili amenitazama tu akasema ni vidonda vya tumbo, chupa elfu thelathini na tano. Rafiki yangu anasema niyaache, maharage ni chakula cha wanafunzi na wafungwa.

Niyaache? Au yapo maharage yasiyo na gesi ambayo wenzangu mnayajua?

Wakala mwenye aibu, Tanga

* * *

Marahaba mwanangu.

Nimecheka mpaka nikavua miwani, unisamehe. Kisha nikaisoma barua yako mara ya pili na kalamu mkononi, na safari hiyo sikucheka, kwa sababu kuna sehemu tatu umezipita mbio kama mtu anayeruka dimbwi, na mimi naona sehemu kubwa ya ugonjwa wako imo mle. (Na wale wasomaji mnaoniandikia kuuliza bei ya wali kuku kwa sababu ya jina la safu hii: mimi nilikuwa afisa lishe mpaka nilipostaafu. Sina genge.)

Kabla ya yote: vidonge usiviache, na maharage usiyaache. Elfu thelathini na tano yako baki nayo.

Tuanze na jambo lenyewe, na tuliite kwa jina lake. Kujamba si ugonjwa. Mtu mzima mwenye afya njema hujamba mara kumi mpaka ishirini kwa siku na hajui, kwa kuwa nyingi ya hewa hiyo haina harufu wala sauti. Maharage yanaongeza kwa sababu yana sukari za namna yake, rafinosi na stakiosi, ambazo tumbo la binadamu halina kimeng'enya cha kuzivunja. Siyo tumbo lako tu. Ni langu, la daktari wako na la mwenyekiti wa mtaa. Zinapita utumbo mwembamba zikiwa nzima, zinafika utumbo mpana, na huko kuna bakteria mabilioni wanaozisubiri. Umewahi kuona togwa iliyosahauliwa kwenye chupa iliyofungwa? Inachachuka, inatoa mapovu, ukifungua kizibo kinaruka. Ndicho kinachotokea humo ndani. Haidrojeni na kaboni dioksidi ndizo nyingi, na hazinuki. Anayekuaibisha mbele ya dada mwenye mtandio ni kiasi kidogo mno cha gesi zenye salfa.

Bakteria hao hao, wakila maharage yako, wanatengeneza asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Na wanga wa maharage unamenywa polepole, sukari haipandi kwa kishindo kama ya wali mweupe. Daktari wako hakukosea. Kosa lake ni lile letu sote wa kada ya afya: tunamwambia mtu ale nini, hatumwambii aanze vipi.

Sasa nirudi kwenye yale matatu.

La kwanza ni metformini. Umeanza dawa na maharage wiki moja, tumbo likavurugika, ukayakamata maharage kwa kuwa una kisasi nayo tangu bwenini. Lakini metformini yenyewe inajulikana kwa kujaza tumbo gesi, kulegeza choo na kuleta kichefuchefu, hasa mwanzoni na kila dozi inapopandishwa. Kwa watu wengi hupungua kadiri wiki zinavyokwenda. Inasaidia sana kuimeza katikati ya mlo au mara tu baada ya kula, si asubuhi na maji matupu ukikimbilia kufungua kibanda. Ukifanya hivyo na bado inakusumbua, mwambie daktari. Ipo ya aina inayoachia dawa taratibu ambayo matumbo mengi huipokea vizuri zaidi. Kuikata mwenyewe, hapana.

La pili, jojo. Chukua pakiti usome yale maandishi madogo nyuma. Sehemu kubwa ya jojo zisizo na sukari zimetiwa utamu kwa sorbitoli au ndugu zake, na hizo hazifyonzwi vizuri, zinashuka mpaka kwa bakteria wale wale. Pakiti mbili kwa siku ni karamu. Tena mtu anayetafuna kutwa anameza hewa kutwa. Mimi ningeanza na hili kwa sababu halikugharimu kitu: acha jojo leo jioni. Hamu ya soda ikija, tafuna karafuu moja au kunywa maji ya ndimu yasiyo na sukari.

La tatu, maziwa ya jirani. Watu wazima wengi wa kwetu, ukiondoa jamii za wafugaji kama Wamasai, hawana tena kimeng'enya cha kutosha cha kuvunja sukari ya maziwa. Utotoni tulikuwa nacho, ukubwani kinapungua. Glasi kubwa ya maziwa usiku, juu ya bakuli la maharage, ni kumwaga mafuta ya taa ukidhani ni maji. Yaache wiki mbili uone. Ukiyakosa sana, jaribu mtindi kidogo usiotiwa sukari, wengi wanauvumilia.

Huenda ukiyatoa hayo matatu utakuta maharage yanahusika kwa robo tu ya ulichokuwa unakilalamikia. Tuishughulikie hiyo robo, na hapa nazungumza na mkwe wangu, kwa hiyo mwite au msomee.

Mkwe, nakushukuru kwa kumsukuma mume hospitali. Ila magadi tuyaweke pembeni. Ni kweli yanaivisha upesi na mkaa unabaki. Lakini magadi ni sodiamu, na mtu mwenye sukari mara nyingi presha inamnyemelea, kwa hiyo hatutaki kumwongezea chumvi kwa mlango wa nyuma. Vilevile yanaua vitamini B1. Na mchana ukiyatia magadi bila kuloweka, zile sukari za gesi zinabaki mle mle kwenye sufuria, mnazila na mchuzi.

Kinachookoa mkaa ni maji na muda. Usiku, baada ya kupembua kwenye ungo na kutoa mawe, osha, mimina maji mengi, mara tatu ya maharage au zaidi, acha mpaka asubuhi. Tanga kuna joto, yasipite saa kumi au kumi na mbili bila kubadilishwa maji. Ukiona povu na harufu ya kuchacha umechelewa. Asubuhi angalia yale maji. Yamekuwa ya rangi ya chai, yana utelezi kidogo ukiyasugua vidoleni. Humo ndimo zimo zile sukari, sehemu yake. Mwaga. Usiyapikie, usimpe mtu, mwagia mchicha. Wapo watakaosema unamwaga vitamini. Ni kidogo sana, na maharage yaliyomfukuza mtu mezani hayampi vitamini hata moja.

Ukisahau kuloweka, na sote tunasahau, yatie kwenye maji yanayochemka, yachemke dakika mbili tatu, epua, funika, acha saa moja mpaka nne, mwaga maji, anza upya. Kisha yapike kwa maji mapya, yachemke kwa nguvu dakika kumi na zaidi kabla hujapunguza moto. Hilo si la gesi, ni la usalama: maharage mekundu yasiyoiva yana sumu inayotapisha, na moto mdogo mdogo tangu mwanzo hauiondoi. Chumvi, nyanya na ndimu vije mwisho kabisa, maana nyanya na ndimu zikitangulia zinachelewesha kuiva. Unajua yameiva pale unapoliminya moja kati ya ulimi na kaakaa likasagika bila jino. Likibaki na kokwa katikati, rudisha jikoni. Wanga ambao haukuiva nao unashuka kwa bakteria.

Na sokoni usiangalie bei peke yake. Maharage yaliyokaa ghalani msimu mzima kwenye joto la pwani yanakuwa mawe, utayapika kutwa na magadi utayatamani. Muulize muuzaji ni ya mavuno gani. Hatasema kweli, lakini uliza. Yale yaliyofifia rangi na kukunjamana ngozi utayatambua mwenyewe.

Umeuliza, mwanangu, kama yapo maharage yasiyo na gesi. Sokoni watakuuzia ya njano kwa sifa hiyo, nami nimeyapika sana, matamu, na nimewalisha wanangu, na masikio ninayo. Yasiyo na gesi kabisa hayapo. Yapo yenye unafuu, na kwa bahati unayemtafuta ni kunde. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani, Donna Winham na Andrea Hutchins, walichapisha matokeo ya watu waliokuwa wakila nusu kikombe kwa siku kwa wiki kadhaa. Wiki ya kwanza, kwa waliokula maharage, karibu nusu walisema gesi imezidi. Kwa waliokula kunde ilikuwa asilimia 19. Na wengi wa waliolalamika walisema hali ilitulia kufikia wiki ya pili au ya tatu. Kuna kitu kingine mle kilichonifurahisha: walikuwapo wachache waliolalamikia gesi hata zamu yao ilipokuwa ya chakula kisicho na maharage. Mtu akishaambiwa ajichunguze tumbo, analisikia.

Kwa hiyo hapa ndipo lilipo kosa kubwa kuliko magadi. Tumbo lililokaa miaka ishirini bila maharage limeletewa mabakuli matatu kwa siku. Ni kama kibanda chako kipate wateja mia tatu asubuhi moja na wewe uko peke yako na floti ya laki mbili. Bakteria wa huko ndani wanabadilika kufuatana na unachowalisha, lakini wanataka wiki, si siku.

Anza upya. Wiki ya kwanza kunde tu, vijiko vitatu vya mezani, mara moja kwa siku. Ukiona shwari, wiki ya pili vijiko vitano sita. Wiki ya tatu nusu kikombe, kisha ingiza choroko, na dengu zilizokobolewa, ambazo ngozi yake imeshatoka. (Wasomaji wa Kenya, choroko ndizo ndengu zenu, tusigombane.) Choroko ukiziotesha siku mbili kwenye kitambaa chenye unyevu mpaka zitoe mkia, nyingi ya zile sukari mmea unazila wenyewe kabla yako, ila zipike, usizile mbichi. Mbaazi zifuate. Maharage mekundu yawe ya mwisho, na kama huyapendi mpaka kufa, usiyale. Daktari alisema jamii ya kunde, hakusema urudi bwenini.

Muda wa kula nao una hesabu yake, na katika hili nitakwenda kinyume na wenzangu wanaokataza maharage usiku. Chakula hiki kinahitaji kama saa nne mpaka sita kufika kule kwenye bakteria. Ukila saa saba mchana, wakati wa zogo ni saa kumi na moja, saa kumi na mbili, na hapo ndipo Magharibi ilipo. Kiporo cha mbaazi cha saa moja asubuhi kinakupata kibandani katikati ya foleni. Kwa hiyo hizi wiki tatu za kujizoeza, kula kunde zako mlo wa usiku, ila si saa tatu na nusu kisha kitandani. Mkwe akuletee chakula kibandani ukitoka Isha, saa mbili hivi, ule taratibu, ufunge saa tatu, utembee mpaka nyumbani badala ya kupanda bodaboda. Kutembea dakika kumi na tano baada ya kula kunasukuma gesi na kunashusha sukari ya damu, unapata viwili kwa mwendo mmoja. Zogo likija litakuja saa saba usiku, uko kwako, dirisha wazi. Mkwe atastahimili. Yeye ndiye aliyeweka magadi.

Mengine nayapita upesi. Kunde ziingie sahani mahali pa wali, zisikae juu ya mlima wa wali, maana nazo zina wanga wake. Mbaazi za nazi ni haki ya mtu wa Tanga siwezi kukunyima, ila zipikwe kwa tui jepesi, tui zito liachwe sikukuu. Kiporo kilale kwenye friji, na kama hakuna friji kisilale.

Tangawizi, bizari nyembamba na iliki tieni kwenye mchuzi. Bibi yangu alikuwa akitia mvuje, kipande kidogo kama punje ya mtama, kwenye sufuria ya choroko, na nyumba nzima inanuka mpaka unajuta, kisha ukiiva mchuzi unakuwa na ladha ya kitunguu saumu isiyoelezeka. Wahindi nao hutia kwenye dengu zao. Ushahidi wa kisayansi si mkubwa, nami siuzi mvuje, lakini punje haidhuru. Mkaa usiutafune kama dawa ya gesi; unaweza kuishika dawa yako tumboni isifanye kazi.

La udhu sitaki kujifanya mwanachuoni. Lakini hili ulifundishwa chuoni ukiwa mdogo kama mimi: tumbo kunguruma hakutengui, wala wasiwasi hautengui, mpaka usikie sauti au upate harufu. Nahisi safari nyingi za bombani ni za wasiwasi. Kama ni kweli haukai hata kidogo, mwone imamu kwa faragha, wapo waliomtangulia na swali hilo na fikihi ina majibu yake. Ila kusali nyumbani ukisingizia kazi kunakukosesha watu, na mtu aliyeambiwa juzi ana sukari anahitaji watu. Safu ya mwisho ni safu.

Kuhusu vidonda vya tumbo: huyo muuza chupa hakukupima. Vidonda mara nyingi huunguza juu, chini ya kifua, na kipimo chake kipo hospitali. Wewe unaeleza hewa ya chini. Lakini ukiona choo chenye damu au cheusi kama lami, unakonda bila kutaka zaidi ya ulivyoambiwa, unaharisha wiki mbili mfululizo, unatapika, au maumivu yanakuamsha usingizini, hayo si maharage, rudi ukapimwe. Na hata bila hayo, ukifuata niliyoandika wiki nne na tumbo halijatulia, peleka choo maabara. Kuna minyoo na vijidudu, jiadia mmojawapo, vinavyojaza gesi yenye harufu ya yai viza, na kwa maji ya mjini siwezi kuapa huna.

Geuza feni. Iweke dirishani ikitazama ndani, ivute hewa ya barabarani, na toboa tundu la wavu ukuta wa nyuma, juu, hewa itokee huko. Fundi bati anakufanyia asubuhi moja.

Mwenyekiti akija na watu wa kuzibua mtaro, usiweke kibao cha floti. Toka uwaonyeshe nyuma ya kibanda. Nimeishi Tanga miaka sita, sijaona mtaro usioziba, na masika hayako mbali.

Mama Lishe